Mchawi wa Sebuleni Kwangu

Alhamisi, 2 Oktoba. Louisville, Marekani

Nimetoka ghalani moja kwa moja jikoni, viatu vya kazi bado miguuni. Sombe, majani ya muhogo, iko motoni. Mbuzi bado kukatwa. Jumamosi wanakuja watu kumi na wanne kutoka Columbus kumposa Neema wangu. Shemeki Elia, mdogo wa marehemu mume wangu, amepiga simu mara tatu kuuliza kama nyama itatosha. Nani ananunua, hajauliza. Yeye ndiye atakaa katikati na kusema badala ya baba. Ndiyo desturi. Nyumba nimeinunua kwa mgongo wangu, maneno ni yake.

Nimefuta kioo cha picha ya sebuleni. Niliachiwa na bibi mzungu niliyekuwa namwogesha kwa mshahara, kabla ya kazi ya ghala. Ilichorwa Uingereza, zamani za malkia wao, kwa rangi za maji juu ya karatasi. Mwanamke wa hadithi za kale, nywele nyekundu, kikombe mikononi. Mwanamume akinywa tu, anageuka nguruwe. Bibi alisema: "Mchukue wewe. Ndugu zangu anawatisha." Nampenda. Anakutazama usoni huku anakukaribisha.

Jumamosi, 4 Oktoba

Hawakula.

Mzee Lazaro, mjomba wa kijana anayeposa, aliuliza yule ukutani ni nani. Nilitaka kusema ni dada wa yule bibi mzungu. Neema akanitangulia. Amekuja toka Buffalo kwa ajili ya leo, amekulia huku, hajui kuchunga mdomo.

"Ni mchawi, Mjomba. Anawalisha wanaume, wanakuwa nguruwe."

Akacheka peke yake. Mzee akarudisha tonge kwenye sahani. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja. Kwetu anayekataa chakula chako amekwisha kukuita mchawi, hana haja ya kufungua mdomo.

Elia: "Bon, sawa, ataitoa, ni vitu vya wazungu tu."

Nikasema haitoki.

Waliomba Mungu wamesimama, wakaondoka. Samweli, mchumba mwenyewe, amemwambia Neema kwamba njiani walisimama kwenye kituo cha mafuta wakala kuku wa kukaanga. Chakula changu hapana. Kuku wa kituo cha mafuta ndiyo.

Jumapili, 5 Oktoba

Mbuzi amerudi kwenye friza. Sombe nimemwaga.

Mzee Lazaro ametuma neno: picha isiposafishwa kwa maombi, hakuna ndoa ya Novemba. Neema ameondoka akilia. Anampenda Samweli, na kijana si mbaya. Nikasema nitaishusha, niifunge shuka, niiweke chini ya kitanda. Eti haitoshi.

Elia akaniambia: "Mama Neema, unakumbuka walivyosema kambini, kaka alipokufa." Walivyosema nani? Alianza yeye. Alikataa bugali yangu matangani, kambi nzima ya wakimbizi ikamfuata. Neema alikuwa na miaka minne. Alizunguka na sahani akiwapelekea watu, kila mlango ukamrudisha. Leo mtu huyo anakula kwangu kila wiki.

Alhamisi, 9 Oktoba



Elia ana ufunguo wa nyumba, nilimpa mwenyewe. Nikiwa kazini aliingia na wamama watatu wa maombi. Waliitoa picha kwenye fremu, wakaimwagia maji ya baraka, wakaifuta kwa kitambaa changu cha vyombo. Rangi za maji! Uso wote umeondoka. Nilifika wakiwa bado wanaimba. Elia akanionyesha beseni, maji mekundu, machozi yanamtoka kwa furaha.

"Umeona, shemeki? Damu ya pepo."

Ni nywele za yule mwanamke wa pichani. Nilitia kidole, nikanusa. Karatasi iliyolowa, basi. Amekwisha kupiga picha ya beseni na kuituma Columbus. Nilimnyang'anya ufunguo mkononi. Hakuacha kuimba.

Ijumaa, 10 Oktoba

Columbus wamefurahi. Watarudi. Neema amesema kwa simu, Mama, tafadhali. Nimesema ndiyo. Karatasi imekauka juu ya meza, imejikunja. Nimeipiga pasi kwa kitambaa, nikairudisha kwenye fremu, na fremu ukutani.

Jumamosi, 18 Oktoba

Wamekula.

Mbuzi yuleyule wa friza, sufuria ileile, mkono uleule. Mafuta mpaka kwenye viwiko. Mifupa juu ya kitambaa changu cheupe. Mzee Lazaro alifyonza uboho mpaka mfupa ukapiga mluzi. "Mama, mkono wako mtamu," chembe za bugali zikiruka. Elia alijaza sahani ya pili kabla wageni hawajamaliza ya kwanza. Nilisimama na jagi la maji nikiwatazama. Neema akanitazama, akatazama ukutani, akaziba mdomo asicheke.

Ilikuwa zamu ya Elia kusema. Mdomo ulikuwa umejaa. Nikasema mimi. Kwamba Neema nimemzaa, nimemlea peke yangu, na leo ninamtoa mimi. Na atakayeingia kwake ale, au abaki nje. Elia aliinua mkono kunizuia, akapaliwa. Nikammiminia maji. Hakuna aliyenikatiza. Waliitikia kwa vichwa tu, wakitafuna.

Jumapili, 23 Novemba. Buffalo

Theluji tangu asubuhi. Harusi imepita. Niko kwa Neema na Samweli, North Buffalo, nyumba ndogo, joto zuri. Picha Neema aliiomba mwenyewe, nikaja nayo. Ameitundika juu ya meza ya kulia. Uso hauna kitu. Mikono ipo, na kikombe kipo, wazi kabisa.

Samweli alimuuliza, huyu sasa tuseme ni nani.

"Ni Mama," Neema akasema.

Samweli aliitazama kidogo. Kisha akavuta kiti, akanawa, akala.