Kaa wa Shemeji

Jumatatu, 10 Machi 2025
Nyavu za mume wangu Filipo zimeharibika tena. Anasema ni Muhidin jirani — wamegombania sehemu ya kutega ziwani tangu Krismasi. Sijui. Mwenye kisu angekata mara moja akaondoka. Hizi zimetafunwatafunwa.

Jumatano, 12 Machi
Nimemkuta kaa amenasa wavuni. Kwetu Mhezi, nilikozaliwa, kaa wa mtoni nawajua, huyu si wao — kijani, miguu ya nyuma bapa kama makasia. Nikamwonyesha Samweli, shemeji yangu. Akasema kaa ni kaa, akamkanyaga. Haraka ya nini?

Samweli alikuwa Tanga, kwenye mabwawa ya kufugia kaa. Mwaka juzi alirudi na ndoo zenye vifuniko. Tukaambiwa dagaa. Hao dagaa sikuwahi kuwaona sufuriani.

Jumapili, 16 Machi
Kikundi cha wavuvi kitamjadili Muhidin Alhamisi. Wakimfukuza, haingii tena ziwani. Filipo anadai alimwona usiku kwa macho yake, ziwani, akiwa na kisu. Usiku upi? Mbona mimi hakuniambia?

Jumanne, 18 Machi
Asubuhi nimemfuata Samweli mpaka kwenye matete. Hakuwa akivua. Alikuwa akiokota kaa, akiwatia kwenye kiroba. Jike mmoja alilala chali — tumboni mayai tele, rangi ya chungwa. Na pale kwenye maji ya kina kifupi, vitoto! Vimejaa kama mchanga unaotembea.

Aliponiona alikaa chini kwenye tope.
"Shemeji, niliwamwaga wachache tu ziwani, niwafuge. Niliambiwa bila maji ya chumvi hawazai."
Nikamuuliza, na Muhidin? Akaendelea kuokota, kana kwamba wataisha.

Alhamisi, 20 Machi
Nimeshindwa kunyamaza. Wakati wa chai nimemwambia Filipo kuna kaa wageni ziwani. Hakuuliza kaa gani. Hakuuliza nimewaona wapi. Alifunga mlango, akasema polepole, "Ukisema, mdogo wangu anafungwa."

Kumbe anajua. Tangu lini? Hizo nyavu alizokuwa akinitandazia uani anionyeshe alivyokata Muhidin, na hasira yote ile...

Mkutano ni saa nane. Ameniambia nibaki nyumbani, eti jua kali. Ameshatangulia na Samweli. Sasa Salama, mke wa Muhidin, amekuja, amekaa uani, hataki hata maji. Anasema hakuja kugombana. Anataka kujua kitu kimoja tu: usiku wa zile nyavu, Filipo alilala wapi?

Alilala hapa. Nilikuwa naye.

Anasubiri. Nafunga kanga niende naye mkutanoni.