Kwa Nyanjige, Uliyetaka Wadogo Zako Wapimwe

Mwaka umetimia, dada yetu Nyanjige Bujiku, tangu ututoke, na nyumba yetu ya Bariadi bado inaisikiliza salamu yako ya alfajiri, "Mwangaluka!" Ukishaamka wewe, nani angelala? Cherehani uliiendesha ukiimba, na mteja aliyechelewa kuchukua nguo ulimtania mbele za watu: "Mama, gauni lako limeshaanza kunizoea."

Mashairi yangu uliyasikiliza ukiwa na pini mdomoni. Ukishazitoa ulisema, "Vina vipo, mdogo wangu. Sasa tia chumvi."

Tumbo lilipoanza kuvimba na mikono kutetemeka juu ya kitambaa, maneno yakawa mengi. Wengine walisema pombe, wewe usiyejua hata harufu ya gongo. Wengine walisema jirani mwenye wivu. Leo nasema hadharani: walikosea wote! Nasi nyumbani tulikosea kwa upendo. Kila baba alipochinja, ini, ambalo ni fungu la wazee, alikuchomea wewe, akiamini kwamba ini hujenga ini.

Tulipokupeleka hospitali, Daktari Judica alikumulika macho, akaona duara la kahawia ukingoni mwa mboni. Akatueleza taratibu. Ini lako lilishindwa kutoa madini ya shaba yanayoingia mwilini na chakula, yakajazana humo. Ulirithi kinasaba chenye kosa kwa baba na kingine kwa mama. Wao ni wazima kwa sababu kila mmoja anacho kimoja tu. Na ini la ng'ombe, akasema, limejaa shaba.

Ulicheka hadi ukashika ubavu. "Baba, kumbe ulikuwa unanichomea ugonjwa!" Baba naye akacheka, machozi yakimtoka.

Kisha ukauliza jambo ambalo hakuna mwingine aliyethubutu: "Na wadogo zangu?"

Shangazi Felisita akapinga. "Mtoto mwenye afya yake mnamtoboa ya nini?"

"Shangazi," ukamjibu, "ng'ombe unampeleka joshoni akishakufa?"

Tukapimwa. Mimi ninacho kimoja, kama wazazi. Esteria, kitinda mimba wetu, anavyo vyote viwili, vilevile vyako, ingawa wiki ile alikuwa akiruka kamba. Daktari alisema makosa ya kinasaba hiki yako ya namna nyingi: mengine huziba kabisa njia ya kutolea shaba, mengine huacha upenyo, na hata ndugu wenye makosa yaleyale huweza kuugua kwa ukali tofauti. Kwako dawa ilikuta ini limekwisha. Kwake imewahi: vidonge vya zinki, kila siku, maisha yake yote.

"Ukiacha kumeza," ulimwambia toka kitandani, "nitarudi nikufinye."

Anameza, dada. Mwezi huu vipimo vyake vimetoka vizuri, ini lake ni zima. Tena amekuwa mkaidi kama wewe. Mjomba Mashimba wa Mwandoya aligoma kabisa watoto wake kupimwa. Esteria akapanda basi, akakaa uani kwake, akakataa hata uji mpaka mjomba akasema, "Basi, basi, nimeshindwa!"

Nimekutungia haya:

Umelala dada yetu, kazi yako inakesha,
Hukuliachia mtu, swali lililotutisha,
Leo hii mwana wetu, yu hai anatuchosha,
Kifo kilikuja kwetu, kwake tumekikomesha.

Jumamosi tutakusanyika Shishiyu ulikolala, kwa misa ya kukuombea. Jumatatu watoto wa mjomba watatolewa damu, na Esteria ndiye atakayewashika mikono.

Unakumbukwa na baba Bujiku, mama Monika, shangazi Felisita, mjomba Mashimba, Esteria, nami mdogo wako Danford. Maadamu yupo mmoja wetu anayepumua, Nyanjige, wewe hujasahaulika.