Nimeifuta Sauti ya Mzee wa Izimbya

Jumamosi. Mvua imekatika, jua limetoka. Mtaa mzima unanukia senene za kukaanga, na mimi sina hamu hata ya chai.

Nimeharibu kitu cha mtu. Naandika hapa kwa sababu mwenyewe sijathubutu kumwambia.

Kibandani kwangu, hapa mtaani Bakoba, nahamisha picha na video kutoka kwenye simu za watu na kuwatunzia kwenye kompyuta. Diski ilishajaa, basi leo asubuhi nikafunga ya pili. Ya zamani, yenye kazi za wateja wote, ilikuwa D. Mpya ikajitokeza kama E. Mimi na ujuaji wangu nikataka kazi mpya ziendelee kuingia D kama nilivyozoea, nikabadilisha herufi: mpya ikawa D, ya zamani ikawa E. Ikabaki kuformati ile mpya tu, yaani kufuta kila kilichomo ianze upya.

Mara nje kelele: "Senene! Zimeanguka!"

Sasa Mhaya gani atabaki amekalia kiti? Nikachomoka na ndoo, nikagombania hao panzi majanini na majirani, nikarudi nimelowa hadi magotini, nacheka peke yangu. Kichwani bado nilikuwa na ile ya mwanzo, kwamba E ndiyo mpya, nikaichagua. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo, kidole kikiwa bado na mabawa ya senene.

Jamani, mimi! Nimeifuta ile ya zamani.

Nimehangaika na programu ya kurudisha mafaili. Harusi kadhaa zimerudi. Ya mteja wangu Ma Leokadia imerudi jina tu, haifunguki. Ni video ya marehemu mumewe, yuko kibanjani kwake, kwenye migomba yake, anazungumza na wanawe. Sauti ya yule mzee haipo popote pengine. Na ni mimi niliyemwambia, kwa mdomo huu huu: "Mama, futa kwenye simu upate nafasi. Kwangu haipotei."

Mchana akaja mwenyewe kutoka Izimbya, na ndizi za kunishukuru. Alitaka nimwekee kwenye flashi, wajukuu wanakuja Krismasi na hawajawahi kumsikia babu yao. Nikamwambia kompyuta inasumbua. Uongo mtupu! Akanishika mkono.

"Sina haraka, mwana wange. Mradi yuko kwako."

Na ndizi nikazipokea, kwa mikono miwili. Nimezificha nyuma ya mlango, siwezi kuziangalia.

Kesho baada ya misa ya kwanza nakwenda Izimbya. Simsubiri fundi wa kujaribu kuirudisha, na situmi meseji. Nitapiga magoti niseme nimeifuta mimi, na kwamba nilimdanganya machoni.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba sikuwahi kuisikiliza. Niliihamisha huku napiga soga na mteja mwingine. Mama wa watu akiniuliza kesho, "Hata neno moja hukulishika?", nitamjibu nini?