Kasuku Haendi Popote

Mama watoto, na nyinyi wanangu,

~~Seremala akija jioni kumchukua kasuku, mpeni na tundu lake.~~ Hiyo nimeifuta. Mwambieni anisamehe, kasuku haendi popote.

Chai iko kwenye chupa.

Sasa nikiri. Kila kasuku aliponiuma nilikuwa nampiga konzi, nyinyi mkiwa hamuoni. Leo asubuhi nimempa karanga, akaniuma tena, halafu kabla sijainua mkono akajikunyata, macho kafumba, anangoja kipigo. Jamani! Mimi kinyozi, watu wazima wananiachia shingo zao nikiwa na wembe, na ndege anayeenea kiganjani hauamini mkono wangu.

Niliona haya. Nikauacha mkono palepale, damu inatoka. Baadaye akaichukua ile karanga taratibu, bila kuuma.

Basi akiwauma msipige kelele, wala msivute mkono kwa ghafla. Na mama watoto, usicheke. Najua ulishasema wa kufundishwa ni mimi.

Karanga za kwenye kikombe cha bluu msizile. Ni zake. Nikirudi nitampa mwenyewe, kwa mkono uleule.

Baba yenu