Jua Halikuyafikia Mabeseni

Kiranjeranje, Kilwa
14 Juni 2024

Mwanangu Romana,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima huko Dar es Salaam. Mimi miguu imevimba, na daktari ameniambia nisipange mambo ya mbali. Basi nakwambia leo nililokuficha miaka mitatu: mabeseni yako hayakushindwa kusafisha maji. Niliyafunika.

Uliponiachia kazi ya kuyatunza ulinitania kwamba mwalimu wa kemia sasa amekuwa mwanafunzi. Vipande vya plastiki vya kuweka ndani ya mabeseni, ulivyotengeneza kwa chupa zilizookotwa Kivinje, ulivipaka unga unaofanya kazi kwa jua tu. Jua likiupiga, unavunja dawa ya mikorosho iliyoingia kisimani. Nilielewa kila neno.

Ulipofika msimu wa kupulizia mikorosho salfa, vumbi lake likatanda, kila nyumba ikafunika maji isipokuwa yangu. Jirani yetu Lusia akapita na ndoo kichwani, akauliza kama siku hizi mwalimu anaanika maji kama makopa ya muhogo. Wenzake walicheka mpaka barabarani. Nikatafuta mabati nikafunika, nikawa nafunua siku ya kuchota sampuli tu.

Majibu yakatoka mabaya. Ukaja mwenyewe, ukachota upya, ukalala, ukaondoka asubuhi. Baada ya wiki mbili ukaja tena. Kila uliponipigia simu kwamba uko njiani, niliyaficha mabati nyuma ya choo. Ulijilaumu kwamba umekosea kuchanganya unga, nami nikakupa pole. Kisha wafadhili wakasitisha mradi, nawe hujarudi tangu hapo.

Mwaka jana niliacha beseni moja wazi juani, nikapeleka maji yake kupimwa Lindi. Sumu haikuonekana. Karatasi ya majibu imo humu; wapelekee wafadhili, maana kisima ni kilekile, na Lusia na wajukuu zake wanakunywa humo.

Msalimie Valentini na watoto. Lusia naye anakusalimu. Ndiye anayenipikia uji.

Usimlaumu. Kile kicheko kiliisha wiki ileile, na mabati ningeweza kuyaondoa. Ila nilijua maji yakitakata utahamishia kazi kijiji cha Kilangala, nami nitabaki na nyumba ya marehemu mama yako. Yakiwa machafu, unakuja. Niliendelea kuyafunika ili uje.

Baba yako,
Sebastiani