Saa Aliyofika Baba Yako

Nyuma ya ghala la mbao,
S.L.P. 614.
9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu nyingi, na poleni kwa baridi ya huko. Natumai wewe, mumeo na watoto hamjambo, na mgongo wa mama yako umetulia. Mimi kifua kinanipeleka puta. Daktari ameacha kuniandikia dawa mpya, nami nimemwelewa.

Kwa hiyo sitazunguka.

Unajua nilikuwa karani kwenye kizuizi cha uhamiaji barabarani. Sheria ilikuwa wazi, na pale hakuna aliyeisoma kunishinda: msafiri aulizwe maswali machache, aonyeshe karatasi zake, aende. Kumweka zaidi ya nusu saa kulitaka sababu ya maandishi. Basi tukajitungia desturi. Saa ya kufika hatukuiandika mtu alipofika. Tuliiandika alipokaribia kuachiwa. Kitabuni hakuna aliyewahi kupitisha nusu saa.

Siku ile nilisikia sauti ya baba yako nje ya dirisha langu. Unajua ufundi cherehani ulivyomkaa mdomoni.

"Afande, hili benchi nimelipima mara tatu. Halirefuki, ila mimi nafupika."

"Tulia, mzee. Hapa hujafika mpaka uandikwe."

"Basi niandikeni, niwahi sindano yangu ya sukari. Mkoba umeondoka na basi."

Walicheka. Hata mimi nilitabasamu. Kisha nikavuta pazia asinione, maana mkubwa wangu alikwisha kunionya kwamba karani mwenye ndugu wengi barabarani hafai kukalia kile kiti.

Aliketi juani tangu saa mbili na dakika kumi asubuhi. Saa kumi jioni alianguka, asiinuke tena. Ndipo nikaandika: amefika saa tisa na nusu. Mwandiko ule ni wangu.

Mahakamani nilikaa na mama yako, nikamshika mkono. Hakimu akasema nusu saa haiwezi kumwangusha mtu namna ile. Bila shaka alitoka nyumbani bila dawa. Tangu hapo dada yangu anajilaumu kwamba alisahau kumfungia. Hakusahau. Miaka kumi na mmoja nimemtazama akibeba mzigo wangu, nami nikimwambia ajikaze.

Humu bahashani mna orodha ya abiria ambayo dereva aliiacha dirishani kwangu, ina muhuri wa saa ya kweli. Niliificha kesi ilipokuwa ikiendelea. Mna pia kiapo changu, nimekitia sahihi mbele ya wakili. Ifungueni kesi upya, na msinionee haya kwa kuwa naumwa. Nikiitwa nitakuja, hata kwa kubebwa.

Nisalimie mumeo na wale pacha. Mama yako usimpe salamu zangu. Msomee kwanza ile saa iliyo kwenye muhuri, polepole, mpaka aisikie.

Mungu awalinde njiani, msikute dirisha lenye pazia.

Wako akupendaye, ukinikubali au ukinikataa,

Mjomba wako.