Namba Sita za Redio ya Merv

Merv,

Zima pampu ya kisima cha kaskazini saa kumi. Mbwa hawajala. ~~Mguu wa kondoo uko kwenye oveni.~~ Mguu wa kondoo nampelekea jirani yetu Noelene, aliyekuja kunivuta na gari langu kwenye tope asubuhi. Yeye alinisikia redioni. Wewe nimekuita saa nzima, kimya!

Hongera, fundi wangu. Nimeifungua redio ya gari lako nikaona ulivyoipanga: ilie tu ikiitwa na redio zenye namba sita ulizozichagua, wengine wote wasisikike. Kaka yako yumo, baa imo, hata muuza mbwa yumo. Mkeo hayumo. Eti unataka utulivu!

Basi nimezifuta zote sita, nikaingiza yangu peke yake. Na leo sikuiti.

Mkeo